Sifuri ya Jumatatu

Mafundi wa karakana ya mabasi walimwita Sifuri, na jina lenyewe alilipenda. Mwanamke mwingine angenuna. Yeye alijua limetokana na kazi yake, maana kila kihisio cha gesi kilichofungwa pale, kiwe cha kwenye bomba la ekzosi au cha ukutani, lazima kipite mikononi mwake kiwekwe sifuri kabla hakijaaminiwa kupima chochote. Bila yeye hakuna basi lililotoka getini na kibali cha moshi. Akikatiza uani na koti lake la buluu lililonyooshwa kwa pasi, madereva walikuwa wakizima sigara bila kuambiwa. Na yeye akijua wanazima kwa ajili yake, hatua zilizidi kuwa ndefu.

Tusimwonee. Kazi aliijua, tena alianza nayo katika siku mbaya. Vihisio vya kwanza vilivyoletwa pale vilikuwa balaa. Moto wa ekzosi ulivikaanga, masizi yakaviziba, na hata vile vilivyosalimika vilikuwa vikitangatanga: leo vinasema hewa ya asubuhi ina sumu, kesho basi linatoa wingu jeusi na vyenyewe vimetulia kimya. Ndipo Sifuri akajiwekea utaratibu. Kila Jumatatu, kabla ya kunywa chai, alizunguka karakana nzima, akisoma kioo cha kihisio kimoja kimoja, na kila alipokuta kimehama alibonyeza kitufe kukirudisha kwenye sifuri. Mzunguko huo ndio uliompandisha cheo mara ya kwanza.

Baadaye vikaja vihisio vipya vya silikoni kabaidi. Wageni walipotembelea karakana, Sifuri ndiye aliyesimamishwa mbele awaeleze, na alieleza kwa raha zake. Kitu chenyewe ndicho kile kile kinachong'aa kwenye karatasi ya msasa, ndicho kinachofanya jiwe la kunolea liweze kula chuma. Kipande cha humo ndani hakifiki ukubwa wa punje ya mchele. Kina jiko lake dogo la kukipasha moto, na kikishapata moto ambao ungekiua kihisio cha kawaida, ndipo chenyewe kinaamka na kuanza kazi. Unakitia ndani ya ekzosi ya basi, pale pale kwenye ndimi za moto, na kinakuambia gesi gani inapita na kwa kiasi gani.

"Na uzuri wake mkubwa," alikuwa akimalizia, kidole juu, "hiki hakitangatangi. Ukishakiweka sifuri, umekiweka."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake, na yalikuwa kweli tupu. Lakini Jumatatu ikifika alizunguka na kubonyeza kama zamani. Hakuna aliyemwambia aache, kitufe kilikuwepo, na mkono ulishazoea. Mtu aliyeishi miaka na mbwa mwizi, hata akipewa mbwa mwaminifu, ataendelea kufunika chungu. Ndivyo alivyokuwa Sifuri na vihisio vyake.

Sasa tuje kwa kaka yake.

Kaka mtu alifanya kazi karakana hiyo hiyo, tena ndiye aliyemwingiza. Wazazi walipofariki, mmoja baada ya mwingine, kaka aliacha shule akaenda kuosha mabasi ili mdogo wake asome. Akatoka kwenye kuosha akapaka grisi, akatoka kwenye grisi akashika spana, mpaka akawa mpimaji wa injini. Mafundi walimwita Chuma. Aliweza kubeba betri mbili za basi, moja kila mkono, huku anapiga mluzi. Siku Sifuri alipopata cheti chake cha ufundi, Chuma alikizungusha karakana nzima akiwaonyesha hata walinzi, na huyo mwenye cheti akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimpenda kaka yake, hilo halina ubishi. Ila mbele za watu kaka mwenye mikono ya oili alikuwa anampunguzia kimo.

Chuma alipimia injini katika chumba cha peke yake mwisho wa karakana. Basi lilirudishwa nyuma mpaka mkia uingie humo, mlango wa turubai nzito ukateremshwa kwa sababu majirani walishalalamikia kelele, kisha mpira mnene ukavalishwa kwenye ekzosi kuchukua moshi na kuupeleka nje kwa kupitia ukutani. Yeye alishinda humo kutwa, akisikiliza injini na kuzigongagonga. Sifuri mwenyewe ndiye aliyeomba kihisio kimoja cha silikoni kabaidi kifungwe juu ya ukuta wa chumba hicho, chenye king'ora na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Alimwomba meneja kwa kusisitiza. Alisema kaka yake anafanya kazi pabaya na yeye anataka roho yake itulie.

Ikatulia, na ubaya ukaingilia hapo hapo.

Ule mpira wa moshi ulipita nyuma ya kabati la chuma kabla ya kufika ukutani, na huko nyuma, pasipoonekana, ulikuwa umeanza kupasuka. Ufa mdogo tu mwanzoni. Gesi inayouma watu kwenye moshi wa injini haina harufu wala rangi, haikufanyi ukohoe wala haikutoi machozi. Inaingia kwenye damu kimya kimya na kukaa mahali pa hewa. Kihisio kiliiona. Jumatatu Sifuri alipanda ngazi akakuta kioo kinaonyesha namba ndogo badala ya sifuri. Chuma alikuwa ameshawasha basi la kwanza ili liwahi abiria, na alikuwa chini ameshikilia ngazi isiteleze.

"Kimetangatanga kidogo," alisema Sifuri, akasonya, akabonyeza.

Kioo kikarudi sifuri. Taa ya kijani ikawaka. Kwa lugha nyepesi, alikuwa amekifundisha kihisio kwamba ile sumu iliyomo chumbani ndiyo hewa safi, na kwamba kianze kuhesabu kutoka hapo.

Jumatatu iliyofuata basi la kwanza lilikuwa tayari linanguruma na ufa umepanuka kidogo, namba ikarudi, akaifuta. Ikawa ndiyo kazi. Ufa ulikuwa unaongeza, yeye anafuta, na kaka yake anashika ngazi.

"Naona umekifinya kimetii," Chuma alikuwa akimtania.

"Kisipotii nakibadilisha, Kaka."

"Uwe mpole nacho basi. Mwenzio nakaa nacho humu kutwa."

Chuma akaanza kuumwa kichwa. Mwanzo alifikiri ni macho, akanunua miwani ya barabarani iliyomfanya aonekane kama mwalimu aliyefukuzwa kazi, na mafundi wakapata cha kuchekea wiki nzima. Kisha miguu ikawa mizito. Kisha akawa anaingia stoo na kusimama, hajui kilichompeleka. Alisahau kurudisha kifuniko cha oili kwenye basi, basi likafia njiani na abiria ndani, na dereva akaja kumtukania mama yake aliyekwisha zikwa. Chuma yule wa zamani angemkunja shati. Huyu alikaa kwenye tairi, akatabasamu kama mtu asiyesikia vizuri.

Mafundi hawana dogo. Hawakuchelewa kumbadilisha jina kutoka Chuma wakamwita Kutu. Wakipita mlangoni kwake wanagonga turubai: "Kutu! Umelala au umekufa? Tuambie tukachimbe." Mmoja akawa anamtuma makusudi akalete spana ambayo tayari ameishika mkononi, wenzake wajionee anavyokwenda kuitafuta, anavyoinama chini ya mabenchi, anavyorudi kuomba radhi kwamba hajaiona. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sifuri aliyaona hayo zaidi ya mara moja. Alichofanya ni kubadilisha njia, awe anapita upande wa pili wa uwanja.

Kilichomwangamiza Chuma zaidi ni kwamba siku ya mapumziko alikuwa mzima. Siku hiyo moja aliamka kichwa chepesi, akacheka na watoto, akakumbuka hata majina ya majirani. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kuna nini kazini. Lakini mke wake, mwanamke mwenye ulimi mkali na nyumba ya kuendesha, alijiuliza vingine.

"Wifi, hebu niambie wewe msomi," alimwambia Sifuri siku moja wakila mezani kwa kaka, mwenyewe akiwepo, watoto wakiwepo. "Huu ni ugonjwa gani unaojua kalenda? Jumapili mzima kama kigori, Jumatatu jioni anarudi kashikilia ukuta. Mimi naujua. Unaitwa uvivu."

Watoto wakacheka, kwa kuwa mama amechekesha. Sifuri naye akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, ili asimwache wifi yake peke yake. Kaka akaangalia sahani.

"Ni kile chumba," alisema taratibu. "Nikitoka nje napata nafuu."

"Kila mtu akitoka kazini anapata nafuu," mke akajibu, na meza nzima ikaangua kicheko tena.

Haikupita muda meneja akaitisha kikao. Meneja alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake, hakupenda kumfukuza mtu bila kumsikiliza. Aliketi na mhasibu na mkuu wa mafundi, Chuma akasimamishwa mbele ya meza, na madirishani vichwa vikajazana.

"Sema, mzee. Tatizo nini?"

"Kile chumba, bosi. Kuna kitu humo. Nadhani ni moshi."

"Sikiliza," meneja akasema. "Kama ni chumba, basi umeumia kazini, na hilo ni jukumu letu. Tutakutibu mpaka upone, hata kama ni miaka, na nafasi yako itakusubiri. Lakini kama siyo chumba, siwezi kuweka roho za abiria kwa mtu anayesahau vifuniko. Umenielewa?" Chuma akatikisa kichwa kukubali. "Basi niitieni huyo wa vihisio."

Sifuri akaingia. Ili tuelewane, tuseme wazi alichokuwa nacho moyoni. Kulikuwa na nafasi ya mkuu wa vihisio wa karakana zote za kampuni, na wiki hiyo jina lake ndilo lililokuwa midomoni. Kulikuwa pia na minong'ono kwamba anambeba kaka yake. Na kulikuwa na vichwa vile madirishani. Angeweza kusema, nipeni siku moja nikikague. Sentensi fupi ya hivyo, isiyogharimu kitu. Haikumjia, au ilimjia akaipisha.

"Kihisio cha chumba kile kinasemaje?"

"Kinasoma sifuri, mkuu. Kila Jumatatu nakikagua, kila Jumatatu nakiacha sifuri."

"Hakiwezi kukosea?"

"Kile ni silikoni kabaidi. Hakitangatangi."

"Kwa hiyo kaka yako anatudanganya."

Hapo alisita, lakini kidogo tu. "Sisemi anadanganya, mkuu. Umri umekwenda na kazi imemshinda. Angesema hivyo tu, angejitunzia heshima, kuliko kusingizia chumba."

Dirishani mtu akapiga mbinja. Chuma alimgeukia mdogo wake. Hakuna hasira iliyokuwa usoni mwake, na ingekuwa nafuu kama ingekuwepo. Alikuwa anamwangalia kwa heshima, jinsi mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Kama yeye ndiye amesema, basi," alimwambia meneja. "Mimi vya mashine hizi sivijui." Akavua ovaroli pale pale, akabaki na fulana yenye tundu mgongoni, akaikunja vizuri na kuiweka mezani mbele ya mhasibu. Mafundi walimsindikiza mpaka getini wakigonga madebe.

Chumba kikafungwa. Mpimaji mwingine hakupatikana upesi, na kwa muda injini zikawa zinapimwa uani, majirani wakae na kelele zao. Sifuri akasubiri cheo. Kwa kaka alikwenda mara mojamoja, akipeleka sukari na sabuni, akikaa ukingoni mwa kiti. Kaka kukaa nje ya kile chumba kulimrudishia rangi, lakini akili haikurudi yote. Iliyokwisha kuliwa ilikuwa imeliwa. Aliweza kukusimulia siku aliyomnunulia mdogo wake viatu vya kwanza vya shule, vilikuwa na kifungo cha upande gani, kisha akakuuliza kama umekula, na ulishamjibu sasa hivi.

Kuna asubuhi basi moja liliharibika kihisio cha ekzosi na stoo hakikuwepo kingine. Sifuri akaona ile mali ya chumba kilichofungwa inakaa bure. Akaenda akakifungua ukutani, akatoka nacho mpaka katikati ya uwanja, akakiunganisha na betri ili akikague kabla ya kukifunga. Upepo ulikuwa unavuma, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na hewa ilikuwa safi kuliko siku zote. Akasubiri kipate moto. Kioo kikawaka.

Kilionyesha namba kubwa, na mbele ya namba kulikuwa na alama ya kutoa.

Alikizima, akakiwasha. Alama ikarudi. Akahamia karibu na geti, mbali na magari, akakinyanyua juu kwa mikono miwili. Namba ikazidi kushuka chini ya sifuri. Kihisio kilikuwa kinamwambia, kwa uaminifu wake wote, kwamba hewa ya pale nje ilikuwa safi kupita hewa safi kiliyofundishwa. Kupita kwa kiasi gani? Kwa kiasi kile pale kwenye kioo, kilichojumlishwa Jumatatu baada ya Jumatatu kwa kidole chake.

Alielewa mara moja. Ni mtu wa kazi hiyo, hakuhitaji kuelezwa. Akakaa juu ya jiwe la geti, mlinzi akamwuliza kama amepata habari mbaya nyumbani. Alimjibu hapana.

Akafanya yaliyobaki kwa utaratibu wake mzuri. Alikiweka sifuri pale uani, kwenye upepo, mara hii kwa haki. Akakirudisha ukutani. Akamwomba dereva mmoja arudishe basi kule chumbani, avalishe mpira, awashe injini, kisha ashuke aende zake. Yeye akabaki ndani na turubai limeteremshwa. Taa nyekundu haikuchukua muda kuwaka, na king'ora kikalia ambacho hakuwahi kukisikia kikilia humo. Hakutoka upesi. Alisimama pale kaka yake alipokuwa akisimama, akaanza kusikia kichwa kinabana kwenye paji, kisha nyuma ya macho, kisha magoti kama si yake. Alipotoka alitapika nyuma ya mapipa. Kisha akarudi akasogeza kabati, akauona ufa. Mkono uliingia wote.

Alikwenda kwa meneja huku ameshaamua kusema. Hilo tumpe. Alipanda ngazi za ofisi akiwa na maneno yote mdomoni, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Akafungua mlango, na meneja akamdaka kabla hajakaa.

"Nilikuwa nakutafuta! Wamekubali. Karakana zote ni zako kuanzia mwezi ujao. Hongera sana, mama."

Sifuri alisimama akishikilia kitasa.

"Mkuu, nimekuta mpira wa chumba cha kupimia injini umepasuka," alisema. "Nyuma ya kabati. Gesi yote inamwagikia ndani."

Meneja akatoa macho. "Umepasuka lini?"

Chumba cha ofisi kilikuwa na feni ya mezani, ilikuwa inageuka huku na huku. Ilimpitia usoni, ikaenda, ikarudi.

"Itakuwa juzi juzi," alisema. "Labda kabati lilisogezwa."

"Ashukuriwe Mungu hakuna mtu aliyekuwa akifanya kazi humo."

"Ni bahati," alisema Sifuri.

Mchana ule mafundi wakakusanywa, wakapigiwa mfano wake. Meneja akasema hivi ndivyo mtu anavyotakiwa kuijali kazi, huyu kaokoa maisha ya mpimaji atakayekuja. Wakampigia makofi. Yule aliyekuwa akimtuma Kutu kutafuta spana ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Mpira mpya ukafungwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ndogo, haikuzidi nusu saa.

Siku mbili tatu Sifuri hakula vizuri. Alijiambia angemwambia kaka mwenyewe, faragha, na kaka akishajua ndipo waamue pamoja waende vipi kwa meneja. Alijiambia kaka ana haki ya kuwa wa kwanza. Lilikuwa neno zuri, likamsaidia kulala. Jumapili akavaa, akapiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta kaka kwenye kibaraza, amepewa beseni la nguo za watoto azikamue. Aliikamua suruali moja, akaiweka pembeni, akaichukua tena ile ile akaikamua. Maji yalishakwisha. Wifi alikuwa amekaa kizingitini, amechoka, nywele hazijasukwa, na mara hii hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Karibu, wifi. Kaa hapa karibu nami. Nina jambo."

Sifuri akakaa.

"Huyu mtu jana kaacha jiko linawaka, mtoto kaungua mkono," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Nikampiga. Nimempiga kofi mume wangu, mbele ya watoto. Sijawahi. Sikulala, nimekaa nafikiri. Nikasema, ngoja wifi aje, yeye ndiye mwenye mashine." Akamsogelea. "Niambie ukweli, mbele ya Mungu. Kilikuwa chumba? Maana nimemtukana sana. Nimemwita mvivu, nimemwita mzigo, watoto nao wamejifunza kumwita hivyo. Kama ni kile chumba kilichomfanya hivi, nitampigia magoti hapa hapa, nitawaita wanangu nao wapige magoti. Na nitakwenda kwa huyo meneja kwa miguu yangu, amtibu alivyoahidi. Wewe nijibu tu."

Sifuri alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo. Mbele ya maneno hayo akamwona wifi yake huyu huyu, na ulimi huu huu, akiwa amesimama katikati ya karakana, akiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani ni nani aliyekuwa akibonyeza kitufe.

Kaka ndiye aliyewahi kujibu. Aliinua uso kutoka kwenye beseni, akiwa na lile tabasamu lake la mtu asiyesikia vizuri.

"Usimsumbue mdogo wangu," alimwambia mkewe. "Ingekuwa chumba, si angeniambia? Yeye ndiye anayepima. Mimi namshikia ngazi, yeye anapima." Akamgeukia Sifuri, mzima kabisa kwa dakika hiyo, macho yake yale ya zamani. "Siyo chumba, sivyo?"

Ndani watoto walikuwa wakigombania kijiko. Wifi alikuwa amemkazia macho.

"Siyo chumba, Kaka," alisema Sifuri.

Uso wa wifi ukajifunga, kama mtu aliyetaka kuweka chini mzigo akaambiwa hapana, endelea nao. Akasimama, akamnyang'anya mumewe ile suruali.

"Umesikia? Kwa masikio yako. Basi kuanzia leo sitaki kusikia habari ya chumba humu ndani. Inuka! Nguo zimekauka mikononi mwako kama mtu asiye na akili. Inuka uanike, acha kujidekeza."

"Naanika," alisema kaka.

Akainuka kwa kushikilia ukuta, akabeba beseni, akaelekea kwenye kamba. Alipofika alisimama nalo mkononi, akatazama kamba, akatazama beseni, kisha akageuka kumwangalia mdogo wake ili amkumbushe kilichompeleka kwenye kamba. Sifuri alikuwa anatafuta mkoba wake.